Mtoto Asiye na Mjomba: Usasa na Familia ya Kiarabu katika Kazi Tatu za Kifasihi, Usomaji kutoka Chinongwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usawiri wa mabadiliko ya familia ya Kiarabu katika kazi tatu: kumbukumbu za Salme binti Said (1886), riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), na riwaya ya Jokha Alharthi iitwayo Sayyidat al-Qamar (2010). Wahakiki wa kazi za aina hii wamezoea kuyapima mabadiliko ya familia kwa kumtazama binti: amesoma au hakusoma, amechagua mume au amechaguliwa. Makala yanadai kwamba kipimo hicho ni cha kweli lakini ni pungufu, kwa sababu kinamwacha nje mwanamke aliyeishikilia nyumba hiyo pasipo kuwa na ndugu wa kumtetea, yaani suria, mjakazi na mtumishi. Kwa kutumia swali linaloulizwa na jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama zile za Chinongwe, makala yanaonyesha kwamba badiliko la msingi zaidi katika familia hizo ni lile linalomhusu mwanamke asiye na kwao, na kwamba badiliko hilo halijakamilika.

1.0 Utangulizi

Kata ya Chinongwe imo katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, wilaya ambayo hapo awali ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Wenyeji wa eneo hili ni Wamwera, wanaoishi kwa ujirani na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Jamii zote hizi kwa asili zilihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mtu mzima mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba, kaka wa mama, kuliko hata baba aliyemzaa. Wakati huohuo wenyeji wengi ni Waislamu, na kwa sheria ya Kiislamu nasaba hufuata upande wa baba na mirathi huenda kwanza kwa watoto wa marehemu. Kwa hiyo swali la kwamba shamba la mikorosho ni la mwana au ni la mpwa si swali la kitabuni tu kwa msomaji wa Chinongwe. Ni jambo linaloamuliwa barazani, na linaweza kuwatenga watu waliokula sahani moja.

Msomaji huyu anapokutana na fasihi inayosimulia familia ya Kiarabu, iwe ya Unguja au ya Oman, huingia akiwa na mambo mawili mkononi. La kwanza ni uzoefu wa kuishi kati ya mifumo miwili ya ukoo. La pili ni historia. Bara la kusini lilikuwa nyuma ya bandari ya Kilwa, na katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi kuelekea pwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, nao wakaishia kufanya makazi Masasi, jirani na Nachingwea. Waliokuwa wametolewa bara walirudishwa bara, ingawa si lazima katika vijiji walikozaliwa wala kwa ndugu waliowapoteza. Kwa sababu hiyo nyumba ya tajiri wa Kiarabu, inayosawiriwa katika kazi tatu zinazohakikiwa hapa, haiwezi kuwa nyumba ngeni kabisa kwa msomaji wa kusini. Baadhi ya watu walioifagia, walioipikia na walioizalia walitoka upande wake.

Tatizo linaloshughulikiwa ni hili. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu usasa na familia ya Kiarabu hujengwa juu ya jozi ya mila na maendeleo. Mila humfungia binti ndani. Maendeleo humfungulia mlango kwa shule, hospitali, mshahara na simu. Jozi hiyo humwezesha mhakiki kueleza mengi, lakini haimwezeshi kuuliza ni nani aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba wakati binti amefungiwa, na ni nani anayeifanya sasa baada ya binti kutoka.

2.0 Msingi wa Usomaji

Katika sosholojia, hoja ya usasa na familia iliwekwa wazi na William Goode katika kitabu chake cha mwaka 1963, World Revolution and Family Patterns, ambacho kina sura inayohusu jamii za Kiarabu za Kiislamu. Kwa ufupi, Goode aliona kwamba popote viwanda na miji vinapoenea, familia huelekea kwenye umbo la mume, mke na watoto wao, na mamlaka ya ukoo hupungua. Hisham Sharabi, katika kitabu chake Neopatriarchy cha mwaka 1988, alitilia shaka unyoofu wa njia hiyo. Kwake yeye, usasa katika nchi za Kiarabu haukuuvunja mfumo dume bali uliuvika nguo mpya: baba akabaki baba nyumbani, na dola nayo ikajifanya baba wa wote.

Msomaji wa Nachingwea ana sababu zake za kumwelewa Sharabi. Mwaka 1947 usasa ulifika hapa ukiwa umepanda matrekta, katika mpango mkubwa wa Uingereza wa kulima karanga. Wanaume waliacha mashamba yao wakafuata mshahara, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Jamii iliyoshuhudia hayo haihitaji kufundishwa kwamba maendeleo si barabara moja inayokwenda mbele tu.

Hata hivyo, Goode na Sharabi wote wawili huanzia kwa baba, na hivyo wanamtazama mwana na binti kwa jinsi wanavyohusiana naye. Makala haya yanaongeza nadharia ya tatu, ile ya Orlando Patterson katika Slavery and Social Death (1982). Patterson anadai kwamba kiini cha utumwa si kazi ngumu wala kumilikiwa peke yake. Ni kukatwa na nasaba ya kuzaliwa, hata mtu akawa hana wazazi, kaka wala ukoo unaotambuliwa na jamii anamoishi. Anaweza kuwa nao kwa damu, lakini hawahesabiki.

Nadharia hiyo, ikitafsiriwa kwa lugha ya jamii inayofuata ukoo wa mama, hutoa swali jepesi la uhakiki: mjomba wa mtoto huyu ni nani? Mjomba hapa anasimamia upande mzima wa mama, yaani watu wanaoweza kuja kudai, kusuluhisha, kumchukua binti yao na kurudi naye kwao. Mwanamke mwenye kaka anaweza kuondoka. Mwanamke asiye na kaka anayehesabika hubaki, na watoto wake huwa wa mwenye nyumba peke yake.

Ni haki kukiri mapema kwamba swali hili linamgusa pia anayeliuliza. Edward Alpers, katika uchunguzi wake wa mwaka 1969 kuhusu Wayao wa karne ya 19, ameonyesha kwamba wakuu wao walijiongezea wafuasi kwa kuoa wanawake watumwa. Sababu iko wazi kwa yeyote anayeufahamu ukoo wa mama. Mume aliyeoa mwanamke huru alizaa watoto wa wajomba zao, ilhali aliyemwoa mjakazi alizaa watoto wake mwenyewe, kwa kuwa mama yao hakuwa na ukoo wa kuwadai. Kwa hiyo nyumba ya mkuu wa bara na nyumba ya tajiri wa pwani zilitofautiana kwa dini, lugha na hesabu ya nasaba, lakini zote mbili zilinufaika na mwanamke yuleyule asiye na kwao. Makala haya hayaulizi swali la mjomba kwa nia ya kumshitaki Mwarabu na kumtakasa Mwafrika wa bara.

3.0 Salme binti Said: Utetezi Unaomwacha Mama Nje

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Alijifunza kuandika kwa siri, jambo lisilotarajiwa kwa binti wa jumba la mfalme. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, alitoroka kwa meli ya kivita ya Uingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na kwenda kuishi Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Kwa kipimo cha binti, Salme ni mhusika wa usasa asiye na mfano katika wakati wake: amejifundisha kuandika, amechagua mume, amevuka bahari na dini. Lakini kitabu chake hakijisomi hivyo. Sehemu kubwa ni utetezi. Anawaambia Wazungu kwamba wameielewa vibaya familia ya Kiarabu, kwamba mwanamke wa Mashariki ana mali yake mwenyewe ambayo mume hana haki nayo, na kwamba anapodhulumiwa anao jamaa wa kumpokea. Hoja hizo zina uzito. Katika karne ya 19 wanawake wengi walioolewa Ulaya hawakuwa na haki kamili juu ya mali zao, na Salme, aliyeonja maisha ya pande zote mbili, alikuwa na ushahidi ambao wasomaji wake hawakuwa nao.

Ugumu unatokea pale swali la mjomba linapoulizwa. Mke anayeelezwa katika utetezi huo, mwenye jamaa wa kumpokea, ni mke huru. Katika nyumba ya Sayyid Said mke huru wa cheo hicho alikuwa Bi Azza binti Sef, naye hakuwa na mtoto. Watoto wa mfalme waliobaki hai alipofariki mwaka 1856, akiwamo Salme, walizaliwa na masuria. Jilfidan alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kutenganishwa na ndugu zake. Hakuwa na nyumba ya kurudi. Kwa maneno mengine, Salme anaitetea familia ya Kiarabu kwa haki ambayo mama yake mzazi hakuwa nayo. Hasemi uongo. Anasema kweli kuhusu mwanamke mmoja, kisha anaiacha kweli hiyo isimame badala ya mwingine.

Mtu anaweza kupinga kwamba sheria ya Kiislamu ilimlinda suria. Pingamizi hilo ni la haki. Suria aliyezaa hakuweza kuuzwa, aliachwa huru bwana wake alipofariki, na mtoto wake alikuwa huru na mrithi sawa na mtoto wa mke. Salme mwenyewe alirithi. Ulinzi huu ulikuwa wa kweli, na ulizidi ule uliotolewa na sheria za utumwa za Wazungu katika mabara ya Amerika, ambako mtoto wa mjakazi alifuata utumwa wa mama yake. Lakini ni ulinzi uliopatikana kupitia kwa mtoto wa bwana, wala haukumrudishia mwanamke upande wake. Mtoto alipata baba kamili, akapata ndugu wengi wa upande wa baba, akakosa wajomba.

Kukosa huko kunaonekana katika sehemu chungu zaidi ya kumbukumbu hizo. Baada ya baba kufariki nyumba iligawanyika. Mwaka 1859 Barghash alipanga kumpindua kaka yao Majid, na Salme, aliyekuwa amelelewa karibu na Majid, alivutwa na mapenzi yake kwa dada yake Khole akawa upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa mwandishi wa njama hiyo. Njama ilishindwa, na Salme akabaki bila upande. Ni kweli kwamba chanzo cha ugomvi kilikuwa kiti cha enzi, na wafalme wenye wajomba nao hupigana. Jambo la kuzingatia ni lile lililofuata. Salme hakuwa na nyumba ya tatu ya kukimbilia, nje ya nyumba mbili za kaka zake. Mlango uliokuja kumfungukia baadaye ulikuwa wa mgeni jirani, na baada ya hapo wa meli ya kigeni. Alipokuja kudai urithi wake akiwa mjane, alikuja mwaka 1885 kwa msaada wa Ujerumani, dola iliyokuwa na haja zake yenyewe. Hivyo safari inayosomwa kuwa ya binti wa kisasa aliyejichagulia maisha ni pia safari ya mtoto wa suria aliyekosa mahali pa kurudi.

4.0 Sheria Iliyosimama Mlangoni

Kati ya kitabu cha Salme na riwaya ya Adam Shafi kuna mabadiliko ya sheria yasiyoweza kurukwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza biashara hiyo baharini. Mwaka 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Tanganyika ilingoja hadi mwaka 1922.

Amri ya mwaka 1897 inamhusu mhakiki wa familia kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu iliwaacha masuria nje. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake; suria alihesabiwa kama mke, na hoja iliyotolewa ilikuwa kuilinda nyumba isivurugwe. Masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12 sheria ya kisasa ilitembea shambani ikasimama mlangoni mwa chumba cha ndani. Waliotunga amri hiyo walitambua, pengine bila kukusudia, kile ambacho uhakiki wetu huelekea kukisahau: nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya mwanamke huyo, na kumpa ruhusa ya kuondoka ilikuwa sawa na kuibadilisha nyumba.

Kasri ya Mwinyi Fuad inaanzia pale ambapo sheria imekwisha kusema lakini nyumba haijasikia. Utumwa umefutwa miaka mingi, na bado Kijakazi anamtumikia Fuad, mwenye mashamba, kwa utii unaopita malipo yoyote anayopata. Jina lake lenyewe si jina la mtu bali ni hadhi: mjakazi mdogo. Vuai, mfanyakazi mwenzake, anajaribu kumfumbua macho kuhusu dhuluma anayotendewa. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yanaiondoa kasri mikononi mwa Fuad, lakini utii wa Kijakazi hauondoki kwa kasi ya mapinduzi.

Tafsiri inayokuja kwanza ni ya kitabaka: Kijakazi hana utambuzi wa hali yake, na safari yake katika riwaya ni ya kuupata. Riwaya yenyewe inaiunga mkono tafsiri hiyo, na makala haya hayaikatai. Yanauliza tu kwa nini utambuzi huo ulikuwa mgumu kuupata kuliko ule wa wafanyakazi wa shamba. Jibu linaloelekezwa na swali la mjomba ni kwamba mfanyakazi wa shamba alikuwa na mahali pengine pa kuitwa jina lake. Kijakazi alikuwa mtu kwa sababu ya kasri. Suala si kama alikuwa na ndugu wa damu au hakuwa nao. Suala ni kwamba ndani ya kuta zile undugu wake haukuwa na uzito wowote. Kumwambia aondoke kulikuwa kumwambia aache sehemu pekee iliyomtambua, hata kama ilimtambua kwa kumdharau. Utii wake si ujinga mtupu. Ni namna ya mtu kushikilia undugu wa aina yoyote, hata ule wenye madhara kwake.

Hapo ndipo udhaifu wa riwaya nao unapoonekana. Mapinduzi katika kazi hii yanajua namna ya kugawa ardhi, na yanajua namna ya kumpa mtu darasa na kazi. Hayana maneno mengi ya kusema kuhusu namna mtu aliyekatwa na nasaba anavyojenga undugu mpya. Ujamaa ulichukua jina lake katika undugu, na wasomaji wa kusini walioingizwa katika vijiji vya pamoja miaka ya 1970 wanajua kwamba kuishi karibu na kuwa ndugu ni mambo mawili.

5.0 Sayyidat al-Qamar: Binti Aitwaye London na Mwanamke Aitwaye Zarifa

Riwaya ya Jokha Alharthi ilichapishwa kwa Kiarabu mwaka 2010, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Marilyn Booth, ndiyo iliyotumika katika makala haya. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa ya Booker, ikiwa kazi ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu kuipata. Inasimulia ndugu watatu wa kike wa kijiji cha al-Awafi nchini Oman: Mayya, Asma na Khawla. Mayya, aliyezama katika cherehani yake ya Singer, anampenda kimyakimya kijana aliyerudi kutoka London, lakini anaozwa kwa Abdallah, mwana wa mfanyabiashara Sulayman. Asma anaolewa na msanii Khalid. Khawla anamngoja binamu yake aliyeko Kanada, anaolewa naye, anavumilia miaka ya kuachwa peke yake, na mwishowe, watoto wakiwa wamekua, anadai talaka.

Usasa katika riwaya hii umepangwa kwa vitu vinavyoshikika. Mama yao, Salima, alijivunia kuzaa nyumbani akiwa amesimama. Mayya anataka kuzalia hospitalini Maskati. Kisha anampa mtoto wake jina la London, na kijiji kizima kinashangaa. Binti huyo anakuwa daktari, anajichagulia mchumba, na uchaguzi wake mwenyewe unamletea maumivu ambayo jamaa zake hawakumletea. Alharthi hamsifu wala hamlaumu. Anaonyesha kwamba kuchagua ni haki, na kwamba haki hiyo haimlindi mtu asikosee. Kwa hilo riwaya inaizidi kwa mbali jozi ya mila na maendeleo.

Lakini nguzo ya nyumba ya Sulayman si mabinti hao. Ni Zarifa. Alizaliwa utumwani tarehe 25 Septemba 1926, siku ileile ambayo mataifa yalitia saini Mkataba wa Utumwa mjini Geneva, na mwandishi ameziweka habari hizo mbili bega kwa bega ili msomaji apime umbali kati yake. Zarifa ni mtumwa wa Sulayman na mpenzi wake. Ndiye aliyemlea Abdallah, ambaye mama yake alifariki akiwa mchanga. Abdallah anaposimulia maisha yake akiwa ndani ya ndege iendayo Frankfurt, mtu mzima mwenye mali na watoto, kumbukumbu yake ya kupendwa inamrudia Zarifa.

Utumwa ulifutwa Oman mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka. Sanjar, mwana wa Zarifa, anaielewa sheria hiyo mara moja. Anaamua kwenda Kuwait, na anakataa hoja kwamba ana deni kwa mtu aliyemlisha na kumsomesha kwa faida yake mwenyewe. Mama yake anauona uamuzi huo kuwa ni kukosa shukrani. Hapa Zarifa na Kijakazi wanaongea lugha moja, ingawa waandishi wao wanatenganishwa na bahari na miaka 32. Naye Sulayman, akiwa mzee anayepotewa na akili, anaagiza Sanjar akamatwe na kufungwa kwa sababu, asemavyo, Sanjar ni wake na si wa serikali. Maneno ya mgonjwa huyo yanaeleza wazi kile ambacho wazima huficha: kwake yeye dola inaweza kufuta karatasi, lakini haiwezi kuingilia kati ya baba wa nyumba na watu wa nyumba yake.

Ikiulizwa mjomba wa Sanjar ni nani, riwaya haina jibu, na ukimya huo una maana. Sanjar analazimika kuanza ukoo kwa kuondoka. Badiliko kubwa zaidi la familia katika kitabu hiki, basi, si talaka ya Khawla wala udaktari wa London. Ni siku Sanjar anapoondoka na ikawa hakuna wa kumrudisha. Tangu siku hiyo nyumba ya Sulayman haiwezi tena kuendeshwa kama zamani, na Abdallah analazimika kuwa baba wa namna nyingine katika nyumba ya Maskati. Uhuru wa mabinti unaifuata siku hiyo, haukuitangulia.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kazi hizi tatu, zikisomwa kwa mfuatano, hazisimulii tu namna binti wa Kiarabu alivyotoka ndani. Zinasimulia namna nyumba iliyozoea mwanamke asiye na kwao ilivyolazimika kujifunza kuishi bila yeye. Salme aliitetea nyumba hiyo kwa kumsahau mama yake. Adam Shafi aliibomoa bila kueleza Kijakazi angehesabiwa ndugu wa nani. Alharthi ndiye aliyempa mwanamke huyo nafasi yake katikati ya kitabu.

Swali linalobaki haliko ndani ya riwaya. Familia za kisasa za Ghuba, zenye mama daktari na baba mfanyabiashara, zinahitaji mtu wa kupika, kufua na kulea. Wengi wa watu hao ni wanawake kutoka nje, na baadhi wanatoka Tanzania. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu ilieleza habari za pasipoti kushikwa na waajiri, saa za kazi zisizo na mwisho na mishahara isiyolipwa, chini ya utaratibu wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Kuuita utaratibu huo utumwa kungekuwa kufuta tofauti ambazo Zarifa angezijua vizuri: mfanyakazi wa leo ana mkataba, ana nchi, ana ndugu wanaongojea simu yake. Hata hivyo, kipimo alichokitoa Salme mwenyewe, kwamba mwanamke anayedhulumiwa awe na jamaa wa kumpokea na njia ya kuwafikia, ni kipimo ambacho pasipoti iliyofungiwa kabatini haiwezi kukipita.

Makala yanapendekeza kwa hiyo kwamba watafiti wa fasihi ya Kiswahili wanaoshughulikia familia na usasa wasiishie kwa wahusika walio katika ukoo wa mwenye nyumba. Wamtafute pia mhusika anayepita na sinia, wamuulize jina lake, na waulize ndugu zake wako wapi. Mkabala huu unaweza kutumika kwa kazi nyingine za pwani, na unastahili kutumika pia kwa masimulizi ya bara la kusini, yakiwamo ya Wamwera na majirani zao, ambako wako watoto waliozaliwa na mama asiye na ukoo na kuhesabiwa, kwa uchungu au kwa ukarimu, kuwa watoto wa nyumba.